Safu za Kaskazini

Orodha ya makaburi yatakayopisha barabara mpya ilikuwa imeshabandikwa: safu zote za kusini. Baba aliisoma mara mbili, akarudi nyumbani mwepesi. Mama amezikwa kaskazini, na nafasi ya baba imetengwa ubavuni mwake.

Ramani niliichora mimi. Siku nne baadaye nikaifungua tena, nikaiweka juu ya picha ya angani, nikaona uzio wa makaburi umepanda juu ya mapaa ya shule jirani. Faili la mipaka lilikuwa na vipimo vya zamani, mimi nikaiachia kompyuta ivisome kama vya kisasa. Kila kaburi likasogea mita mia mbili kaskazini.

"Achana nayo," mhandisi wa barabara akaniambia. "Orodha imeshatoka. Nani atajua?"

"Tutafukua watu ambao barabara haiwagusi!"

"Haya, fundi. Wewe ndiye mjuaji."

Mjuaji, mimi! Nilitoa kabatini karatasi ya mpimaji aliyepima mipaka zamani, nikasoma pembeni jina la mfumo wa vipimo aliotumia, nikaitajia kompyuta jina hilo, ndipo nikaiamuru igeuze vipimo kuwa vya kisasa. Uzio ukashuka taratibu, ukakaa sawasawa juu ya uzio wa kwenye picha ya angani. Siku nyingine ningepiga makofi. Barabara sasa ilikata safu za kaskazini. Nilimtafuta mama kwa namba yake, nikamkuta katikati ya lami. Nililia pale pale mezani, mhandisi akajifanya anatafuta kalamu. Kisha nikachapa orodha mpya.

Nilimkuta baba kibarazani anapiga viatu rangi. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kwenda kumtembelea mama.

"Baba, ile orodha niliikosea."

Brashi ikasimama. "Umeirekebisha?"

"Nimeirekebisha."

"Na mama yako?"

Nilishindwa kumtazama. "Yumo."

"Na nafasi yangu?"

"Nayo imo, baba. Nisamehe."

Nilitamani anigombeze, anitukane hata. Akarudia kupiga rangi kiatu kile kile, ambacho kilikuwa kimeshang'aa tangu nilipofika.

"Wakija kumtoa, uniambie mapema," alisema mwishowe. "Lazima niwepo. Mama yako hapendi kushikwashikwa na watu asiowajua."