Radi Nyuma ya Kabati la Mashuka

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwalimu wa fizikia aligongomea kopo lake kwenye ukuta wa wodi ya wazazi. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limesuguliwa hadi likang'aa, na ndani yake ulisimama waya mmoja usiogusa popote. Waya huo ulishuka kwenye transista mbili, transista zikaungana na betri ndogo, na betri ikaungana na mita aliyoing'oa katika redio ya marehemu baba yake. Mawingu ya radi yakikaribia, hewa hujaa chaji. Ioni zake huingia koponi, waya huzinasa, na mshale wa mita husogea kulia. Mwalimu alikuwa amemweleza haya kila aliyesimama karibu naye, na wengine waliokuwa wakipita tu.

Muuguzi mkuu ndiye aliyeomba kifaa. Alitaka kitu cha kumwonya mapema, ili achomoe jokofu la chanjo kabla halijaunguzwa tena. Mwalimu alikilehemu nyumbani, kwenye meza ya kukatia vitunguu, akiwa amevaa glavu, kwa sababu jasho la kidole kimoja linatosha kuvujisha chaji na kuharibu kazi yote.

"Wenzetu hununua vitu hivi," alimwambia muuguzi akikaza skrubu ya mwisho. "Mimi nimekiunda."

Kisha akafunga waya wa ardhi kwenye utepe wa shaba wa kinga ya radi, ule unaoshuka ukutani kutoka juu ya paa, akawasha. Mbingu ilikuwa safi, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Mshale uliruka hadi mwisho ukabaki huko.

"Kimekufa," alisema muuguzi.

"Hakijafa. Kinasema."

"Kinasema nini na jua lote hili?"

Mwalimu alikirudisha nyumbani, akakifuta kwa spiriti, akakijaribu. Mshale ulilala kwenye sifuri. Alipokirudisha wodini uliruka tena. Mdogo wake alikuwa amekuja kumtazama mkewe, aliyekuwa akisubiri kujifungua. Huyu mdogo wake ndiye mkandarasi aliyeijenga wodi hiyo, na jina lake lilichongwa kwenye jiwe juu ya mlango. Aliutazama mshale akacheka.

"Dada, hilo kopo lirudishie maziwa yake."

Maneno hayo yalimkata maini. Alilichomoa kopo ukutani, akalibeba kwa mikono miwili, akaanza kupita nalo kati ya vitanda huku waya mrefu wa ardhi ukiburutika nyuma yake. Mlangoni mshale ulikuwa nusu. Kwenye kitanda ambacho wifi yake alilalia mzungu wa nne na mzazi mwingine, ulipanda. Mbele ya kabati la mashuka uligota mwisho ukatetemeka. Mwalimu akalivuta kabati.

Nyuma ya kabati ilikaa radi. Ilikuwa na kimo cha mtoto anayeanza shule, imekunja magoti hadi kifuani, na mwanga wake ulikuwa wa buluu hafifu. Ilinukia kiberiti kilichowashwa sasa hivi.

"Ah, hiyo," alisema muuguzi mkuu. "Hiyo ipo tangu mwaka ule wodi ilipofunguliwa. Ndiyo maana kitanda cha pale hatumlazi mtu, nywele zinawasimama hawapati usingizi. Mimi nilidhani unapima radi za nje."

Mwalimu aliinua kopo juu ili wazazi wote wauone mshale. "Mmeona? Mmeona?" Wazazi walikubali kwamba wameona. Furaha ilimjaa hadi kooni. Kitu alichokiunda kwa mikono yake kilikuwa kimesema kweli mbele ya waliokicheka, na aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakatosheka kutazamwa. Ndipo akakumbuka kuiuliza radi inafanya nini pale.

"Nilikuwa napita," ilisema radi. Sauti yake ilikwaruza kidogo, kama redio iliyokosa stesheni. "Niliona shaba juu ya paa, nikajua njia ndiyo hii. Nikashuka. Chini njia ikaisha. Sisi haturudi juu. Nikaona nisisumbue watu, nikakaa."

"Sasa unataka nini?"

"Kufika chini."

Mwalimu alitoka nje na jembe, akafukua pale utepe wa shaba unapoingia ardhini. Uliingia kina cha kiganja, kisha ukaishia hapo, umekunjwa vizuri kama pindo la suruali. Palitakiwa kuwa na fimbo ya shaba yenye urefu wa mtu mzima. Mdogo wake, aliyekuwa amemfuata, aliangalia viatu vyake.

"Shaba ilipungua, dada."

Mwalimu aliliwaza geti la nyumba ya mdogo wake, lenye maua ya shaba, ambalo ukoo mzima ulipiga picha mbele yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama katikati.

"Jumamosi nachimba," alisema. "Fimbo nitaiomba maabara ya shule. Hii radi ishuke kwao, na mkeo apate kitanda chake mwenyewe."

Radi ilipopelekewa habari iling'aa kwa furaha, hata muuguzi akazima balbu ili kubana matumizi.

Jumamosi mwalimu alichimba hadi kiunoni. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta, tayari, mdogo wake alipotokea akitembea haraka, shati limepigwa pasi. Alichutama ukingoni mwa shimo.

"Dada, wageni wa wizara wanakuja Alhamisi. Wamesikia habari za kopo lako. Mkubwa wao mwenyewe anataka kuliona, na wapiga picha wapo."

"Waje. Nani kawazuia?"

"Waje waone nini? Ukiizamisha hiyo fimbo, radi inashuka leo leo. Mshale unalala. Watasimama pale wanatazama kopo la maziwa."

Mwalimu aliegemea mpini wa jembe. Alijua mdogo wake anajitetea. Alimjua tangu alipokuwa akiiba sukari na kumsingizia paka. Alijua pia kwamba alichosema kuhusu mshale ni kweli. Alipanda juu, akanawa mikono, akaingia wodini.

"Baada ya wageni," aliiambia radi.

"Sawa," ilisema radi. "Nimeshazoea."

Wifi yake alijiinua kwa kiwiko kwenye nusu yake ya kitanda. "Na mimi nisubiri wageni, wifi?"

"Siku chache tu, wifi yangu."

Alhamisi mshale ulisimama mwisho kama ulivyotakiwa. Mwalimu alieleza ioni, akaeleza chaji, akaeleza jasho la kidole, na mkubwa wa wizara aliitikia kwa kichwa kila palipostahili. Mkubwa aliiuliza radi kama ina shida yoyote. Radi ilisema ingependa kufika chini, na mkubwa akasema hilo limepokelewa. Watu walipiga makofi. Mdogo wake aliuinua mkono wa mwalimu juu na kusema, "Hii ndiyo damu yetu!" Mwalimu hakuwahi kuwa na furaha kama ile maishani, na hakuificha. Kabla chai haijaisha, mkandarasi alikuwa amepewa kazi ya kujenga wodi ya pili.

Shimo lilikuwa limefunikwa ubao ili wageni wasitumbukie. Ubao ulibaki.

Wifi alijifungua kesho yake, mwenzake akiwa amempisha na kukaa kwenye kiti. Radi iligeukia ukutani kwa adabu. Alizaliwa mtoto wa kike, nywele zimesimama wima, na shangazi yake alipomgusa shavu ilitoka cheche ndogo. Mwalimu alisema mtoto amerithi kwake.

"Na lile shimo, wifi?" aliuliza mama mtoto.

"Acha wiki hii ipite. Watu bado wanakuja kukiona kifaa."

Wodi ya pili ilimalizika kabla ya mvua za mwaka uliofuata, ikiwa na jiwe lake na utepe wake wa shaba. Siku ya dhoruba ya kwanza mshale, uliokuwa umegota mwisho siku zote, ulitikisika kabla ngurumo haijasikika, muuguzi akachomoa jokofu mapema, na chanjo zote zikapona. Radi nyingine ilishuka kwenye utepe mpya, ikafika mwisho wa njia, ikasimama katikati ya wodi mpya iking'aa sana na kuuliza imwone nani. Ile ya zamani ilitoka nyuma ya kabati, ikavuka ukumbi, ikaishika mkono na kurudi nayo. Muuguzi aliondoa vitanda viwili vingine, na wazazi waliokuwa wawili kitandani wakampisha wa tatu.

Mwalimu alikuja kwenye mvua, amelowa chapachapa. Mshale uligota kwa nguvu hata ukapinda. Aliunyoosha kwa kibanio, akakata kadi mpya ya mita, akachora kwa wino mwekundu kipimo kirefu zaidi kuliko cha kwanza. Mistari ilinyooka yote. Alirudi nyuma hatua chache akakitazama kifaa.

"Kimekosea?" aliuliza.

"Hakijawahi kukosea," alisema muuguzi, akipita na godoro kichwani.

Mwalimu alitabasamu, akalifuta kopo kwa pindo la gauni lake. Nyuma ya kabati radi mpya iliuliza njia ya kwenda chini iko wapi.

"Baada ya wageni," ilijibu ile ya kwanza, ikausogelea ukuta ili mwenzake apate pa kukaa.