Goti la Anyosisye

Mwalimu Shemweta anajilaza kwenye benchi la stoo ya michezo baada ya chakula cha mchana, apumzishe mgongo tu, na usingizi unamchukua. Chuo hiki cha ualimu alikiingia kijana, mkimbiaji wa viunzi asiyeshikika, akamaliza masomo, akabaki kuwa kocha, na sasa ni mwaka wa ishirini na tisa. Anafungua mlango wa stoo atoke uwanjani, lakini uwanja haupo, ipo barabara, na barabara inapita katikati ya mji ambao nyumba za kulia ni zilezile za kushoto, na kila anapoumaliza mji anauanza upya. Mbele yake anatembea mtu mwenye filimbi shingoni. Mtu huyo anapogeuka, hana uso. Shemweta haogopi, anamuuliza tu, njia hii inakwenda wapi? Njia haiendi, Mwalimu, waendao ni watu, anajibu mtu yule. Umefundisha wangapi kuruka? Mia mbili na ushee. Na kusimama umefundisha wangapi? Shemweta anaanza kuhesabu kwa vidole, na barabara inapinda yenyewe, inamfikisha kwa kijana aliyekaa chini, goti limefungwa bandeji. Anamtambua mara moja. Ni Anyosisye, mwanafunzi wake wa zamani, aliyemwambia asubuhi ya fainali kwamba goti linauma, naye akamjibu kuwa hayo ni maumivu ya mazoezi, nenda kakimbie. Akakimbia, akashinda, na hakukimbia tena maishani.

Shikamoo, Mwalimu.

Marahaba. Goti vipi?

Kama ulivyoliacha. Siku ile ulinisikia?

Shemweta anataka kusema kelele zilikuwa nyingi, maana ndivyo alivyowaambia watu miaka yote. Nilikusikia, anasema. Nililitaka kombe. Niwie radhi, mwanangu.

Anyosisye analishika goti lake. Nilikuwa nimeshaanza kudhani sikusema, anajibu.

Shemweta anaamka, shati limelowa jasho. Nje wanafunzi wanapiga mpira kama kawaida. Anatafuta simu na kumpigia Anyosisye, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu huko Tukuyu. Hawajazungumza tangu mahafali yake. Simu inapokelewa upesi.

Mwalimu, umesahau kitu? Si tumeagana sasa hivi?

Shemweta anakaa tena kwenye benchi. Anauliza taratibu, nilikuambia nini?

Uliniambia ulinisikia, anasema Anyosisye. Na kama hukumaliza, endelea, nipo.