Mungu Huandikwa kwa Wino

Gizani, chini ya ngazi, pampu ya kunyonya maji ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Nilikuwa nimesimama na kapu la nguo mikononi, natafuta swichi kwa kiwiko. Ilikuwa saa kumi na moja jioni tu, ila Novemba huku kwetu Wisconsin jua huwa limeshakwenda zake hata hujabandika sufuria. Nikawasha taa. Meza ilikuwa palepale, na juu yake karatasi yangu, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja.

Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na mmoja, mume wangu Wendell, kaka yake Gunnar na jirani yetu Lorna wamekaa kwenye meza hii ya chumba cha chini wakicheza mchezo wa kujifanya watu wengine. Kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: shujaa, mwizi, mchawi. Gunnar husimulia nchi wanamopita na hatari zinazowangoja, na dadu ndizo huamua nani atoke salama. Na mimi nilikuwa nikicheza nao, mpaka Aprili.

Aprili nilijifungua mtoto aliyekuwa ameshafariki tumboni. Wa kike. Tulimpa jina, muuguzi akaliandika, na tangu siku ile hakuna aliyelitamka humu ndani. Hatukukatazana. Ilitokea tu hivyo, siku ya kwanza, ya pili, kisha ikawa mazoea.

Watu walidhani nalia sana. Sikuwa nalia. Nilikuwa nafua, namsuka binti yetu Pia nywele, Jumanne na Alhamisi nakwenda darasa la jioni, nikirudi nakula kilichobaki. Vyote vilikuwa na ladha moja. Mwalimu aliniambia alama zangu zimepanda, nikamwambia asante, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Basi wiki mbili zilizopita Brundo akafa. Brundo ni mhusika wa Wendell, mtu wa milimani mwenye shoka, mlevi, mwaminifu, aliyemcheza kwa miaka kumi na mmoja. Walikuwa wanavuka daraja, Wendell akarusha dadu ikaangukia moja, na moja haina mjadala. Nilikuwa juu jikoni. Nilimsikia Gunnar kule chini anasema taratibu, "Pole, mdogo wangu."

Njia ya kumrudisha ilikuwa moja: kikundi kipate kuhani. Na Wendell, ambaye hajaniomba kitu tangu Aprili, akapanda ngazi akaniuliza kama ningependa kurudi mezani. Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa lolote.

Kuhani hana nguvu zake mwenyewe, hupewa na mungu wake. Kwa hiyo lazima amchague. Na pale mezani pana desturi: kila kitu kwenye karatasi huandikwa kwa penseli, maana afya hupungua na mishale huisha, lakini mungu huandikwa kwa wino. Gunnar aliiweka sheria hiyo tangu Lorna, zamani alipokuwa yeye kuhani, abadilishe miungu mara tatu ndani ya pango moja.

Walifika saa kumi na mbili, wakavua viatu vya theluji mlangoni. Lorna alileta sinia ya keki za maboga zilizokatwa vipande, Gunnar soseji ya paa aliyemwinda mwenyewe. Pia, ambaye ana miaka mitano, akapewa mfuko wa dadu akakaa kwenye ngazi, anazipanga kwa rangi ndani ya trei ya mayai.

"Haya shemeji, karatasi imeiva?" Gunnar aliuliza.

"Bado mstari mmoja."

"Mstari mmoja wiki mbili? Mimi fomu za kodi najaza siku moja."

"Na wanakurudishia siku ya pili, umekosea," Lorna alisema. "Mwache mwenzio."

Gunnar akanisogezea faili lake. Miungu yote ameibuni mwenyewe, kila mmoja na ukurasa wake. Nilikuwa nimeshaisoma kama ninavyosoma kwa ajili ya mtihani, kidole chini ya mstari. Orveth wa Alfajiri, ambaye kuhani wake anaweza kumrudisha mfu. Mabrel wa Mavuno, anayefunga majeraha. Na Hesk, Mlinzi wa Makaburi. Kuhani wa Hesk hamrudishi mtu. Kazi yake ni kutunza majina.

"Hapo kuna cha kufikiri kweli?" Lorna alisema, mdomo umejaa. "Orveth. Andika, tumwamshe yule mlevi, tuendelee na safari."

"Si lazima," Wendell alisema. "Maren, kama hutaki, si lazima."

Lakini karatasi ya Brundo alikuwa ameileta ndani ya mfuko wake wa nailoni, na alikuwa ameishika mapajani kwa mikono miwili.

Nikachukua kalamu.

"Orveth anataka nini ili amrudishe mtu?" niliuliza.

"Almasi moja, mnayo tayari," Gunnar alisema. "Na saa moja ya sala."

"Saa moja."

"Ya mchezoni. Kwetu ni kama dakika."

"Halafu?"

"Halafu anaamka. Ana njaa, ana kiu, analalamika. Unamjua Brundo."

Lorna akacheka, Wendell naye akatabasamu kidogo. Mimi nilikuwa nautazama mkono wangu. Sikuwa na hasira. Sikuwa na kitu. Niliona tu kwamba mkono haukubali kuandika ile herufi ya kwanza, kama unavyouona mlango uliovimba kwa unyevu, ukajua hautafunguka. Nikauacha uandike ulichotaka.

Lorna akainama juu ya meza. "Umeandika nani?"

"Hesk."

"Acha utani wewe."

"Nimeshaandika."

Gunnar akalivuta faili lake. Aliyesema ni Wendell, tena kwa sauti ya chini.

"Miaka kumi na mmoja, Maren."

"Najua."

"Uliniambia sawa. Ulisema utanisaidia."

"Siwezi kukaa hapa nikamrudisha mtu kwa saa moja."

"Ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo," nikasema. "Ndiyo maana siwezi."

Akaniangalia. Ni muda mrefu hatujaangaliana vile. Siku hizi huwa tunaangalia vitu, sahani, funguo, mtoto. Nilidhani atainuka apande juu. Nilimngoja ainuke. Hakuinuka. Akaitoa karatasi ya Brundo mfukoni, akailaza mezani, akainyoosha pembe zake moja moja.

"Basi kuhani afanye kazi yake," alisema.

Kuhani mpya lazima ahojiwe na mungu wake, na anayesema kwa sauti ya mungu ni Gunnar. Kwa kawaida hapo ndipo pa vichekesho. Mabrel aliwahi kumuuliza Lorna kama ameoga. Safari hii Gunnar alifungua daftari lake, akalisafisha koo, akasoma kama alivyokuwa ameandika zamani, kabla ya yote haya.

"Kuhani. Umeniletea jina la nani nilitunze?"

"Brundo wa milima ya kaskazini," nikasema, "aliyeanguka darajani akiwa mbele ya wenzake."

Gunnar akaandika. Wendell alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na nani mwingine?"

Sidhani alikusudia lolote. Ndivyo lilivyokuwa swali linalofuata kwenye ukurasa. Niliona uso wake ulipobadilika, baada ya kuwa ameshalisoma, na nikaona akitafuta namna ya kulirudisha.

"Inga," nikasema.

Lilitoka kama jibu la mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Lorna akakitua kipande chake cha keki kwenye sinia. Kalamu ya Gunnar ilikuwa hewani, anamwangalia mdogo wake, hajui aandike au asiandike.

"Inga Ruth," Wendell alisema. Akapitisha kiganja usoni. "Andika na Ruth. Ni jina la mama."

Gunnar akaandika. Alichukua muda mrefu kwa jina fupi vile.

Pale kwenye ngazi Pia akaacha kupanga dadu, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akamgeukia baba yake.

"Mimi nilimshika mguu, kule hospitali," alisema.