Kipimo cha Kwanza

Kriii! Jeki ililia chini ya lori lililojaa kokoto, ikikandamiza bamba la chuma kwenye kifusi tulichoshindilia, kupima ugumu wake. Hapo ndipo darasa la mama litakapojengwa.

Mkandamizo wa kwanza ulizamisha bamba vibaya. Tulipourudia, halikuzama sana.

"Ardhi ngumu kama kichwa chako!" alicheka mjomba, msimamizi wetu. "Andika kipimo cha pili."

"Hapo pamekuwa pagumu kwa sababu tumepabana sasa hivi. Kwingine kote bado ni uji." Nikaandika cha kwanza.

"Kazi nilikupa mimi, wewe!"

"Ichukue, mjomba. Atakayefundisha humu ni dada yako."

Nikampigia mama simu mbele yake. "Mama, nakuahidi, hapajengwi kitu mpaka kifusi chote kishindiliwe upya, hata ikibidi nilale ndani ya msingi."