Nyama Isiyohitaji Meno

Fideli, mdogo wa mume wangu, aliniletea kindi aliyemnasa shambani kwake Itetemia. Alidhani nikipika nitachangamka. Watu wana mawazo.

Nikambabua manyoya motoni, nikamchemsha na chumvi, kisha nikamtia kwenye karanga zilizotwangwa. Nikaacha moto mdogo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sikuonja. Siku hizi sionji kitu.

Fideli alimega ugali, akachovya, akanitazama.

"Shemeji, mbona nyama imeachia mifupa yote? Mimi nina meno."

"Kama hutaki, acha."

Alimega tonge jingine. Miaka sita nilipika hivyo kwa ajili ya Leodgar, mume wangu, aliyebaki na fizi tupu. Tulimzika mwezi uliopita. Leo nimempikia tena.