Kidole Juu ya Mota

"Nani kalichokonoa gari langu?" fundi cherehani alifoka. Kigari chake cha rimoti kilikuwa kimezimika katikati ya mashindano, moshi ukifuka.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyebembeleza apewe akiendeshe, alimjibu akiwa mkavu wa macho. "Nimebadilisha gia ya mota tu, shemeji. Nimeweka kubwa, kiende kasi zaidi. Hiyo mota yako ndiyo mbovu."

Damu ilimchemka fundi. Wiki nzima alikuwa akikikimbiza uani raundi mbili, anakisimamisha, anaweka kidole juu ya mota. Ikimuunguza, anaweka gia ndogo zaidi, maana gia kubwa huongeza mwendo lakini huielemea mota. Ndivyo alivyoipata gia iliyoifaa mota. Leo huyu bwana kaja na ujuaji wake, kaing'oa bila hata kuuliza!

"Mbovu, eh? Hebu iguse."

Shemeji akaigusa, akaruka huku akipuliza vidole.

"Mimi nilikuwa naigusa kila raundi mbili, ikiwa hai," akamwambia. "Wewe umekuja kuigusa ikiwa maiti, halafu unaitukana."