Somo Alingoja Harusi

Somo Rukaya, kungwi wa Hajra, alifika wodini Kibaha kutoka Kisarawe na chupa ya uji wa pilipili manga, kama anakwenda kumtazama mzazi. Hajra akageukia ukutani.

“Mwali wangu, hunisalimu?”

“Shikamoo. Uji mpe aliyezaa.”

Mama yake, Mwamvita, akaguna. Hajra hakujali. Jana walimpasua wakamtoa ovari ya kulia, imeoza, nyeusi tii.

Mwaka jana, kabla saratani yake ya utumbo haijapigwa mionzi, madaktari walizisogeza ovari zote mbili juu, karibu na mbavu, zisiungue, ili aje azae. Hilo alilijua. Asilolijua ni kwamba huko juu ovari inaweza kujisokota ikajikata damu, na ubavu ukichoma ghafla ni kukimbilia hospitali. Daktari alimwambia mama mtu, mwenye tumbo akiwa bado na usingizi wa nusukaputi, akaona kazi imekwisha. Na mama, kwa desturi yao, hazungumzi uzazi na binti aliyekwisha kuchezwa unyago. Hayo ni ya somo. Akapeleka ujumbe Kisarawe. Ujumbe ukalala huko. Ubavu ulipomshika, Hajra akameza dawa za vidonda vya tumbo, siku zikapita anajikunja.

“Ulikuwa unangoja nini, somo?”

“Mambo ya kizazi tunayasema ukitaka kuolewa. Ndivyo nilivyofundwa.”

“Na ovari ingoje harusi?”

“Hajra, adabu!” mama alifoka.

“Adabu imenila upande mmoja! Uliniona nagaagaa, mama, ukanichemshia tangawizi. Ulishindwa nini kusema?”

“Nilimpigia somo simu tena,” Mwamvita alisema taratibu. “Akasema ameshasikia.”

Daktari akaingia, akampita mgonjwa, akamwelekea mama. “Mama, ya kushoto tumeiwahi, bado nzima. Sasa ukiona binti…”

Hajra akamdaka koti. “Dokta, mwenye ovari ni mimi. Anza upya.”

Mwamvita akainuka atoke, maana mazungumzo yale hayakuwa ya kusikilizwa na mama mbele ya mwanawe.

“Kaa, mama. Na wewe somo, kaa.”

Wakakaa. Daktari akaanza upya, safari hii akimtazama Hajra. Alipomaliza, Hajra akamgeukia mama yake.

“Rudia.”

Mwamvita akajifunika uso kwa kanga. Sauti ikatoka humo ndani, nyembamba: “Ya kushoto… ikichoma…”

“Sikusikii. Toa kanga mdomoni.”